Mwani wa Jarubani

Tangu biashara iachiwe huru, kila aliyeshuka na basi Bariadi alikuwa na cha kuuza, na Mahona hakuwaangusha. Safari hii aliburuta nyumbani gunia linalovuja, likinuka hata mbwa wakahama ua. Ndani mlikuwa na mwani mwekundu kutoka Tanga.

Milembe, mkewe, akachota kidogo. Vijitawi vinene vyenye mafundomafundo, vinateleza kama bamia, rangi ya nyama iliyosahauliwa buchani. Majani hakuna, mizizi hakuna.

"Unaota kwenye maji ya magotini, yenye joto," Mahona alirudia maneno ya mchuuzi. "Unaufunga kwenye kamba, kamba kwenye vigingi. Wazungu wanaugombania!"

"Maji yapi hayo?"

"Ya jaruba lako."

Jaruba lenyewe lilikuwa moja tu, na mpunga ulishasimama. Ndio uliokuwa chakula chao cha mwaka mzima.

"Baba Joyness, huu ni wa baharini. Bahari ina chumvi."

"Nimeshalifikiria," alijibu kwa fahari, akimwonyesha magunia ya chumvi ya ng'ombe.

Heri angekuwa mlevi, mlevi hulala. Milembe alibembeleza, akatukana, akamwita shemeji yake Mayige aje kumkanya. Mayige alikuja, akautazama mwani, akaomba mbegu.

Asubuhi kamba zilikuwa zimeshatandazwa kati ya mpunga, na Mahona yuko juu ya tuta anafungua gunia la kwanza la chumvi. Milembe aliingiwa na hofu kweli. Mpunga uliokanyagwa huinuka, walau baadhi. Uliotiwa chumvi hauinuki. Akakimbilia zizini, akachomoa miti ya lango.

Ng'ombe walinusa mara moja tu. Walikuja mbio, wakamsukumia Mahona matopeni, wakayapasua magunia palepale kwenye tuta na kulamba mpaka udongo. Wengine walivamia jaruba, na dume kubwa likatoka na mwani unaning'inia mdomoni.

"Mayu wane, mama yangu! Linakula utajiri!" Mahona alipiga yowe.

Milembe alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akalia hasa, maana upande mzima wa jaruba ulikuwa umelala. Aliingia majini, akaanza kuinua shina mojamoja. Baadaye alisikia mtu akihema nyuma yake.

"Huu unashikwa wapi?" Mahona aliuliza.

Tangu amwoe, hakuwahi kumuuliza lolote kuhusu mpunga.

"Chini," Milembe alisema. "Na uiname vizuri."