Jalsu, Theluji Yako Bado Ngumu

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Juni, nuru imegusa kilele cha juu. Wewe, Jalsu, pengo letu kati ya milima miwili, bado uko kivulini, na theluji yako bado ni ngumu.

Ngumu ya kubeba kwato. Jua likikufikia italegea, kondoo watazama hadi matumboni, na wadogo hawatatoka. Nyuma yetu malisho yamegugunwa hadi mizizi. Mbele, ng'ambo yako, kuna nyasi.

Lakini kwako hapiti mtu bila idhini. Kondoo dume mweusi amesimamishwa mbele ya jiwe la mungu wako wa kike. Mjomba Musadi, mwenye kundi, anamnyunyizia maji mgongoni. Akijitikisa, umeturuhusu.

Hajitikisi.

Maji tena. Hajitikisi. Nuru inashuka mwambani.

"Labda amelala," anasema shemeji yangu Chuhru.

"Ungelala wewe, masikio yetu yakapumzika." Kisha mjomba anageukia kundi. "Amekataa. Tunarudi."

Kurudi ni njaa. Nina wana-kondoo watatu kifuani, ndani ya joho, juu ya kamba ya sufu niliyojizungushia kiunoni. Wana joto kama mikate. Maziwa ya mama zao yamo katika nyasi za ng'ambo, si kwingine.

Naweka kiganja mgongoni mwa dume. Usiku alilala nje, umande umeganda juu ya sufu, umekuwa gamba.

"Mjomba, maji hayajafika."

"Yamefika mara mbili!"

"Yamefika kwenye barafu. Ngozi haijayaona."

"Sasa unataka kumlazimisha mungu?"

"Hapana, mjomba. Nataka swali limfikie. Jibu ni lake."

Hata Chuhru anasogea kuangalia.

Mjomba anapiga magoti. Analivunja gamba kwa vidole vyake mwenyewe, anaitenganisha sufu, anaipulizia pumzi mpaka ngozi inaonekana. Anamimina. Anarudi nyuma, mikono mgongoni, asije mtu akasema alimgusa.

Tunangoja, Jalsu. Mbwa nao wanangoja.

Dume anajitikisa, kutoka masikioni hadi mkiani, na matone yanaruka mpaka kwenye nuru.

Pigo moja la panga, na dume ni sadaka yako jiweni. Mjomba anapiga mluzi, na kundi linapanda, mgongo nyuma ya mgongo, kengele juu ya kengele, huku jua likishuka kutulaki.

Wa mwisho ni kondoo jike kilema. Kwenye ukingo wako theluji tayari inang'aa. Kwato zake za nyuma zinazama. Anazing'oa. Anavuka.