Mpeleka Barua Asiyegeuka

Kabla yule mwanamke mgeni hajaufunga mlango wa ukumbi wa kanisa, koti lake lilikuwa limeshavuliwa.

"Umechelewa, mpenzi," alisema Maureen wa mavazi, pini tatu zikiwa katikati ya midomo yake. "Lete mkono huu. Na huu. Kiatu namba ngapi?"

"Namba tano. Lakini mimi sija..."

"Tano ninayo. Shika kofia."

"Mimi si mwigizaji!"

"Humu hakuna mwigizaji, mpenzi. Waigizaji wako kwenye magari yao wanakunywa kahawa. Sisi ni watu wa nyuma. Inua kidevu."

Clement Tordoff aliyaona yote hayo kutoka kwenye benchi lake karibu na hita, na akacheka kimoyomoyo. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa kumi, na ukungu wa Yorkshire ulikuwa bado umelalia makaburi nje ya dirisha. Ndani ya ukumbi, watu thelathini walikuwa wakigeuzwa kuwa wanakijiji wa mwaka 1938. Saa za mkononi zilikuwa zikivuliwa, simu zikitiwa kwenye ndoo ya plastiki, na nywele zikipakwa mafuta. Baada ya saa chache wangetoka kwenda kupita nyuma ya Inspekta Crake, mpelelezi wa televisheni ambaye nusu ya nchi humngoja kila Jumapili jioni amkamate muuaji mwingine.

Clement alikuwa mpeleka barua. Kwa miaka tisa aliendesha baiskeli nyekundu, au aliisukuma, huku ameipa kamera mgongo. Lakini katika sehemu nyingine za tamthilia hiyo hiyo alikuwa pia mfiwa makaburini, mnunuzi wa kondoo sokoni na mzee wa baraza mahakamani. Mtu wa nyuma anaweza kuwa watu wengi, almradi uso wake usionekane.

Alikuwa na tabia moja ambayo wenzake waliitania. Mkoba wa posta aliopewa ulikuwa mtupu, na hakuna mtazamaji ambaye angejua. Yeye aliujaza magazeti ya zamani kutoka nyumbani, kilo sita hivi, ili ukanda uvute bega kama unavyopaswa kuvuta.

"Utapata kibiongo kwa ajili ya televisheni," Norris Peel humwambia. Norris alikuwa mwuza nyama wa kijiji, na aproni yake ilikuwa na damu ya rangi ileile tangu msimu wa pili.

"Barua zina uzito, Norris."

"Magazeti ndiyo yana uzito. Barua unazo wapi? Nani anakuandikia wewe?"

Hilo lilikuwa kweli, na Clement hakukasirika. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha mazulia, mpaka kilipofungwa. Hakuoa. Dada yake, aliyeishi naye, alikuwa amefariki miaka kumi iliyopita. Wiki zisizokuwa na kurekodi, hakuna mtu aliyetamka jina lake, na siku ya kurudi kazini sauti yake ilitoka na kutu, kama bawaba ya geti lisilofunguliwa. Ndiyo maana alifika ukumbini mapema kuliko wote. Hapa kulikuwa na mkate wenye nyama ya nguruwe iliyokaangwa, chai kwenye vikombe vya karatasi, na Maureen wa kumwambia, "Clem, mpenzi, umenyoa vibaya." Hayo yalikuwa karibu maisha yake yote ya kuongea na watu.

Sasa yule mgeni alisimama katikati ya ukumbi, koti la sufu limembana, kofia ya kijani imekaa upande. Alikuwa na miaka kama sitini. Aligeuka huku na huku, kisha akasema kwa sauti, "Tafadhali. Namtafuta mpeleka barua."

Vidole kumi vilimwonyesha Clement.

Alikuja akaketi kando yake. Jina lake lilikuwa Hilary Baines, na alikuwa ameendesha gari kutoka Skipton gizani, kwa sababu binti wa dukani alimnong'oneza kwamba leo wangerekodi hapa.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuja kuzungumza na wewe dakika tano, na tazama nilivyovalishwa."

"Maureen angemvalisha hata askofu," Clement alisema. "Kuna nini, mama?"

"Ni mama yangu mzazi. Olwen. Ana miaka tisini na mmoja, yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kila Jumapili anaomba awekwe mbele ya televisheni kwa ajili yako."

"Kwa ajili ya Inspekta, unamaanisha."

"Inspekta? Mama hajui hata jina lake. Mtu akishauawa tu, mama anawaambia wenzake, 'Nyamazeni, atapita sasa hivi.' Ukipita, anawaruhusu waendelee kuongea."

Clement aliweka kikombe chini. Hakujua la kufanya na mikono yake.

Hilary alieleza polepole. Baba yake Olwen alikuwa mpeleka barua katika kijiji cha bonde la juu. Mwaka 1940 alikwenda vitani, na hakurudi. Mafuriko ya mto yaliingia nyumbani yakachukua picha zote, na Olwen, aliyekuwa na miaka sita, alibakiwa na kitu kimoja tu kichwani: mgongo wa baba ukishuka njiani asubuhi, bega la kushoto limeelemewa na mkoba.

"Mara ya kwanza alipokuona alisema, 'Huyo mkoba wake una barua kweli.' Wauguzi walidhani amechanganyikiwa."

Norris, aliyekuwa akijifanya anasoma gazeti, alilishusha kidogo.

"Baba yake alikuwa akifika kwenye kona ya ukuta," Hilary aliendelea, "anageuka, anavua kofia kumpungia. Kila siku. Mama anasema sura yake ilikuwa pale, kwenye kona. Sasa imemtoka akilini. Wewe unafika kwenye kona, lakini hugeuki. Miaka tisa anangoja ugeuke."

"Naweza kuja kumtembelea," Clement alisema. "Jumamosi sina kazi. Wala Jumapili. Wala..."

"Nilimwambia hivyo. Alisema, 'Uniletee kizee cha watu, nikifanyie nini?'" Hilary aliziba mdomo. "Samahani sana."

"Si mimi ni kizee cha watu kweli?" Clement alisema, na wote wawili wakacheka. Kisha mwanamke akaacha kucheka.

"Macho yake yanakwisha. Daktari anasema labda yatafika Pasaka. Nimeambiwa sehemu hii itaonyeshwa mwezi wa pili. Sijui kanuni zenu. Nimekuja kuuliza tu kama inawezekana."

"Nitavua kofia," Clement alisema.

Maneno yalitoka kabla hajayapima. Gazeti la Norris lilishuka lote.

"Clem," Norris alisema, "unamkumbuka Edna?"

Kila mtu alimkumbuka Edna. Katika msimu wa sita, Edna Crossley, mwanamke wa kununua samaki, aligeuka kumtazama bata aliyekuwa akivuka barabara. Bata alivuka vizuri, picha ikatumika, na uso wa Edna ukaonekana sekunde tatu. Hakuitwa tena. Uso ukishaonekana umetumika. Mtazamaji atauliza kwa nini mpeleka barua yuko mahakamani, kwa nini mfiwa ananunua kondoo. Na kwenye tamthilia hii watazamaji huandika barua za kulalamika hata kuhusu vifungo.

"Kwa bata angalau ilikuwa bahati mbaya," Norris alisema, akageukia Hilary. "Mama, usinielewe vibaya. Huyu bwana ukimwondoa hapa, hana pengine pa kwenda."

Hilary alimtazama Clement, uso umemwiva. "Sikujua. Basi usifanye. Nitamwambia sikukupata."

"Nimeshasema," Clement alijibu. Lakini chai ilikuwa imepoa, na hakuimaliza.

*

Saa tano waliwekwa barabarani. Jodie, msaidizi wa mwongozaji, msichana mwenye koti la mvua na orodha iliyolowana, aliwapanga watu kama vyombo mezani.

"Norris, mlangoni kwako. Usichomoe kisu, unamtisha farasi. Clem, kama kawaida: posta, geti, kona. Wewe dada wa kofia ya kijani! Simama getini, mgongo kwa kamera."

"Mimi si..." Hilary alianza.

"Mgongo wako ni mzuri sana. Nimepungukiwa na mwanamke mmoja. Tafadhali."

Hilary alisimama getini.

Kamera iliwekwa nyuma ya bega lake. Mbele, kando ya ukuta, Inspekta Crake alimhoji mke wa kasisi kuhusu glavu iliyopotea. Mwigizaji wake, Bwana Pemberthy, katika miaka tisa alikuwa amemwambia Clement neno moja tu, "Samahani," siku alipomkanyaga.

Mara ya kwanza, Clement alitoka posta akiisukuma baiskeli. Mkoba ulivuta bega. Alipita geti, akamwona Hilary akitazama chini, kwa makusudi, ili asimlazimishe. Alifika kwenye kona ya ukuta. Mkono haukuinuka. Alijiambia kwamba upepo ulikuwa mkali, kofia ingeruka.

Mara ya pili ndege ilipita angani, na mwaka 1938 ukaharibika kwa kishindo. Walirudi wote mahali pao.

"Vipi hali?" Norris alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui."

"Wiki ijayo kuna mazishi. Jodie amekuweka mstari wa mbele, nimeona kwenye orodha. Utashika mwavuli."

Clement aliyapenda mazishi. Siku ya mazishi watu wa nyuma husimama bega kwa bega kwa saa nyingi, na baridi huwafanya wasogeleane.

Mara ya tatu mkono wake uliinuka mpaka kifuani, na hapo hapo Bwana Pemberthy akasahau jina la marehemu. Kicheko kiliwapitia wote. Mwongozaji alitazama juu. Wingu zito lilikuwa likija kutoka milimani, rangi ya risasi.

"Ya mwisho," Jodie alipaza sauti. "Baada ya hii hatuna mwanga. Ya mwisho, jamani!"

Clement alirudi kwenye mlango wa posta. Aliirekebisha mikanda ya mkoba. Alifikiria Jumatatu ya jikoni kwake, kikombe kimoja kikikauka kando ya sinki. Kisha akamfikiria mtoto wa miaka sita aliyesimama mahali fulani mlangoni, na njia iliyo tupu, na asubuhi zote zilizofuata za mwaka ule, mtoto akiendelea kutoka mlangoni kutazama.

Bendera ya ishara ya kuanza ilishushwa. Alianza kutembea.

Alipita geti. Safari hii Hilary aliinua macho, na yalikuwa yamelowa, na Clement hakuyatazama muda mrefu. Alihesabu hatua zake kama kawaida: saba, nane, tisa. Kwenye kona alisimamisha baiskeli. Aligeuka bila haraka, kama mtu aliyefanya hivyo jana na juzi. Alivua kofia. Hakuitazama kamera, maana angeiharibu picha. Alitazama juu kidogo ya kofia ya kijani, kwenye mlango wa nyumba ambayo haikuwepo. Alipunga mara moja. Upepo ulizichezea nywele zake chache nyeupe. Kisha akavaa kofia, akageuka, akapotea nyuma ya ukuta.

Nyuma ya ukuta alisimama, ameshika baiskeli, akisikiliza. Mazungumzo ya glavu yaliendelea mpaka mwisho.

"Tumeipata!" mwongozaji aliita. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza.

Jodie alimfuata akikimbia, orodha ameificha ndani ya koti. Alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, na hakujua kuficha uso wake.

"Clem, kwa nini?"

"Nilimwahidi mtu."

"Mwongozaji ameipenda. Anasema imempa baridi mgongoni. Anaibakiza."

"Anaibakiza? Una hakika?"

"Ndiyo tatizo lenyewe!" Jodie alitoa kalamu, akaishika bila kuifungua. "Nilikuwa nimekuweka kwenye mazishi. Na sokoni. Na kwenye harusi ya mwisho, wewe na Norris, meza moja."

"Meza moja na Norris," Clement alisema. "Basi nimeponea chupuchupu."

Jodie alijaribu kucheka. Kisha akafungua kalamu.

Ukumbini, Hilary alikuwa ameshavaa koti lake. Alimshika Clement mikono yote miwili. "Nitakaa naye," alisema. "Siku hiyo nitakaa kando yake." Na akaondoka upesi, kwa sababu barabara ya Skipton ni mbaya wakati wa mvua.

Clement alivua sare, kitu kimoja kimoja. Aliyatoa magazeti mkobani, akayafunga kwa kamba, akautundika mkoba mtupu msumarini. Henga ya nguo zake ilikuwa na utepe wa karatasi wenye jina lake, mwandiko wa Maureen wa miaka tisa, herufi zimefifia. Maureen aliubandua taratibu ili usichanike. Alibaki nao kwenye ncha ya kidole, akitafuta pa kuuweka. Aliliona pipa la taka, akaliacha. Mwishowe akaubandika kwenye koti la Clement, upande wa kushoto, akaukandamiza kwa kiganja.

"Umenyoa vizuri leo," alisema.

Kituo cha basi kilikuwa mwisho wa kijiji, baada ya kona. Watu wa taa walikuwa wakikunja nyaya, na mwaka 1938 ulikuwa ukipakiwa kwenye malori. Clement alipita geti, akiwa na furushi lake la magazeti upande wa kushoto. Alipofika kwenye kona ya ukuta aligundua kwamba kofia yake mwenyewe, ile ya nyumbani, alikuwa ameishika mkononi, na mvua ilikuwa ikimnyeshea kichwani. Alisimama hivyo hivyo, ameigeukia njia aliyotoka, mpaka taa za basi zikatokea.