Verlon Aanzia Juu

Kwa miaka mingi Verlon Tackett ndiye aliyekuwa fidla ya Cleve Hardesty. Cleve alisimama mbele na suti yake ya nakshi, akaimba. Verlon alisimama nyuma ya bega lake, kofia imefunika macho, akimjazia kila anapovuta pumzi. Ndiyo kazi ya mpigaji wa nyuma: jina halijulikani, lakini akikosekana wimbo unabaki mifupa mitupu. Wimbo uliompa Cleve umaarufu, "Barabara ya Pine Lick", ulianza kwa fidla peke yake, na kipande hicho Verlon alikitoa kwa mama yake, aliyekuwa akikivumisha puani akifua nguo kwao milimani Kentucky.

Mama huyo alifariki bendi ikiwa ziarani mjini Tulsa. Opal, dada yake Verlon, alipiga simu hotelini, na aliyeipokea ni Cleve. Cleve hakumwambia Verlon neno. Jioni ile wakapiga Tulsa, kisha Amarillo, na Verlon akawa anachekesha wenzake ndani ya basi huku mama yake akiteremshwa kaburini. Alikuja kujua siku alipopiga simu mwenyewe kumjulia hali.

"Tulikungoja mpaka mchungaji akachoka," Opal alisema. "Huyo bosi wako aliniambia uko njiani."

Verlon alimkuta Cleve mezani, anakula mayai na nyama ya nguruwe.

"Maiti haina haraka, bwana," Cleve alisema, wala hakuweka uma chini. "Watu walishakata tiketi. Ningempata wapi mpiga fidla mwingine?"

Verlon akaipindua ile meza, akaondoka. Naye Cleve akahakikisha kwamba Nashville, mji wa wanamuziki wao, hapati kazi tena. Alieneza kuwa jamaa ni mlevi, anasinzia jukwaani. Verlon, ambaye hata bia hakuwahi kuonja, akaishia kwenye kumbi za dansi huko Texas, akiwapigia watu wasiomtazama. Chuki yake hakuiacha. Aliitunza kama alivyoitunza fidla, akiifuta vumbi na kuikaza nyuzi, akazeeka nayo.

Ndipo simu ikalia. Cleve alikuwa anatunukiwa heshima Nashville, na runinga ingeonyesha moja kwa moja nchi nzima.

"Verlon, ndugu yangu! Ya zamani tuyaache. Hawa vijana wanapiga, sikatai, lakini hakuna anayeianzisha Pine Lick kama wewe."

"Nitakuja," Verlon alisema.

Kwenye mazoezi, Wynell Stroud, mama wa kinanda aliyekuwa nao tangu enzi zile, alimvuta pembeni. "Sauti ya wimbo tumeiteremsha chini sana, ujue. Mzee hana koo tena. Ukianzia pale pa zamani, atapasuka mbele za watu."

Verlon akaupiga huko huko chini, ukatoka mtamu, Cleve akamkumbatia. Wynell aliwatazama wote wawili, akangoja Cleve atoke.

"Verlon wee, unawaza nini?"

"Fidla ndiyo inaanza," alisema. "Mtanifuata?"

Wynell akafunika kinanda taratibu. "Tulsa nilikuwepo. Nilikuona ukicheka ndani ya basi, na sikujua. Nitakufuata, na hao wengine niachie mimi."

Usiku wa sherehe Verlon aliweka upinde juu ya nyuzi, akaanzia juu, pale pale palipo kwenye santuri. Ukumbi ukalipuka kwa furaha. Shingo ya Cleve ikakakamaa. Akageuka, Verlon alikuwa amesukuma kofia nyuma, anamtazama machoni. Kinanda kikaingia huko huko juu, besi ikafuata, ngoma zikafuata.

Ubeti wa kwanza Cleve aliuvuka kwa kuyasema maneno badala ya kuyaimba. Kwenye kiitikio sauti ilipanda, ikachanika, ikatoka kama bawaba yenye kutu. Akajaribu tena. Hakikutoka kitu. Akabaki mdomo wazi mbele ya kamera, na Verlon akasogea mbele, akasimama sambamba naye, akauimba wimbo wote kwa fidla mpaka mwisho. Watu wakainuka vitini, na aliyekuwa akipigiwa makofi hakuwa Cleve.

Nyuma ya pazia Cleve alimshika kola. "Ulijua siwezi!"

"Nilijua."

"Mbele ya Amerika nzima, Verlon! Umeniua. Ni kwa sababu ya mama yako?"

"Mdomo huo usimtaje." Akamtoa mkono kidole kimoja kimoja, akaenda zake.

Cleve hakupanda jukwaani tena. Usiku huo Verlon na Wynell walikula samaki wa kukaanga kwenye mgahawa ng'ambo ya mto.

"Haya, umetosheka sasa?" Wynell alimuuliza.

Verlon akajifuta midomo.

"Bado," alisema, akaomba sahani nyingine.