Pindo la Kushoto

Mimi ni mwoga, na heri niseme mwenyewe kabla sijasemwa. Naogopa mbwa, naogopa ngazi za chuma, naogopa simu inayolia alfajiri. Lakini asubuhi ile, nilipokaa nyuma ya kioo cha chumba cha upasuaji nikimtazama mjomba wangu amelala chali, miguu imenyooshwa, niligundua kwamba woga wangu wote wa nyuma ulikuwa mazoezi tu.

Kazi yangu ni kukunja mirija. Vali ya moyo wa mzee ikikaza, siku hizi madaktari hawana haja ya kupasua kifua. Vali mpya huingizwa kupitia mshipa wa kinenani, na hupita ndani ya mrija. Shida ni kwamba mrija mpana huuchubua mshipa, mara nyingine huupasua kabisa, na mgonjwa akavuja damu ndani kwa ndani huku watu wakipongezana kwamba moyo umepona. Karakana yetu ikabuni mrija mwembamba unaojifunga wenyewe, kama mtu anavyojifunga shuka kiunoni. Vali ikifika, shuka linalegea, linatanuka. Ikishapita, pindo linarudi mahali pake na mrija unakuwa mwembamba tena.

Mhandisi wetu tunamwita Milimita, maana hata ukimuuliza habari za nyumbani atakujibu kwa vipimo. Yeye ndiye aliyeuchora mrija. Mimi ndiye niliyejua kuukunja, kwa kibano, chini ya kioo cha kukuzia, karibu na kichuma cha moto. Tuliujaribu mara arobaini na moja, kwenye mishipa ya plastiki na ya kondoo, na mirija yote arobaini na mmoja niliikunja mimi. Milimita akaandika katika mwongozo: wakati wa kutoa, mrija uzungushwe robo mzunguko kwenda kulia ili pindo lijifunge. Kwa nini kulia, hakuna aliyeuliza. Ukizungushwa kulia ulitoka laini, basi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo pale karakana hakuna aliyelijua. Mimi hukunja kwa mkono wa kushoto.

Mjomba ndiye aliyenilea, na mjomba ni fundi saa. Nilipokuwa na miaka sita nilishika kijiko kwa kushoto, akanichapa vidole kwa rula. Nikarudia, akaufunga mkono ule kwenye kigoda kwa kitambaa cha kufutia saa. "Mkono huo ni wa chooni," alisema. "Mtu mzima humpi kitu kwa mkono huo, wala hushikii kazi ya watu." Hakuwa mtu mbaya, ndivyo alivyolelewa na yeye. Nikajifunza kula, kuandika na kusalimia kwa kulia. Kazi ngumu niliendelea kuifanya kwa kushoto, nikiwapa watu mgongo. Hata karakana meza yangu inatazama ukuta. Wenzangu walidhani napenda utulivu.

Mjomba alipoanza kupumzika kila baada ya vidato vitatu vya ngazi, daktari alisema vali yake imekaza, lakini mishipa imesinyaa, mrija wa kawaida utaipasua. Ulibaki wetu, na yeye angekuwa binadamu wa kwanza kuingizwa. Akakataa katakata. Mimi, kwa kiherehere changu, ndiye niliyekwenda kumbembeleza.

"Mjomba, nitaukunja mwenyewe."

"Wewe kweli?"

"Mimi kweli, Mungu shahidi."

"Haya. Kama ni wewe, nimekubali."

Siku ya kukunja ilipofika, mkono ulinitetemeka hata kibano kikawa kinagonga meza. Mganga hajigangi, nikajiambia, nikaona nimepata sababu. Kazi nikampa Sindano, msichana mwembamba mwenye jicho kali tunayefanya naye kazi. Nilikuwa nimemfundisha kwa maneno na michoro, maana kumwonyesha kwa mkono sikutaka. Akakunja miwili, mmoja wa kutumia na mmoja wa akiba. Ikapimwa unene, ikapimwa urefu, ikapita. Na mjomba nikamwambia nimekunja mimi.

Sasa mrija wa Sindano ulikuwa ndani yake. Vali ilikuwa imeshapita na kukaa moyoni. Milimita, aliyekuwa kando yangu nyuma ya kioo, akashusha pumzi. "Bado kuutoa tu," alisema.

Nikatazama skrini. Ukingoni mwa pindo huwa tunalaza uzi mwembamba wa dhahabu ili uonekane kwenye eksirei. Mara arobaini na moja uzi ule ulionekana upande wa kushoto wa mrija. Leo ulikuwa kulia.

Sindano anakunja kwa kulia, kama watu wengi. Pindo lake limegeukia upande wa pili. Daktari akizungusha kama mwongozo unavyosema, hatalifunga pindo, atalifunua, na ukingo wake utaukwangua mshipa wa mjomba kutoka tumboni mpaka kinenani.

Au nimekosea? Picha ya eksirei huweza kugeuzwa. Mrija wenyewe huenda ulijizungusha wakati wa kuingia. Nikisema uzungushwe kushoto kumbe sivyo, nitakuwa nimempasua mimi, kwa mdomo wangu. Na nikisema tu, nitaulizwa nimejuaje. Naona haya kusimulia kwamba nilipoteza muda nikiihofia aibu yangu, huku daktari tayari ameushika mrija.

Nikabonyeza kitufe cha kipaza sauti. "Daktari, usizungushe!"

Mikono yake ikasimama. Hakuinua uso. "Nani huyo?"

"Mkunjaji."

Milimita akanidaka bega. "Una wazimu? Mtu yuko mezani!"

"Pindo limekaa kinyume."

"Mrija umepimwa."

"Umepimwa unene. Upande nani kaupima?"

"Upande ubadilike kwa nini?"

Niliiona rula. Mwanamke mzima, na niliiona rula.

"Kwa sababu ile mingine yote nilikunja kwa mkono wa kushoto," nikasema, na kipaza sauti kikalipeleka neno hilo chumba kizima. "Mimi ni mashoto. Na huu sikuukunja mimi, kaukunja Sindano."

Daktari ndiye aliyejibu. "Una hakika? Mshipa umeanza kuubana mrija. Sina muda wa kungoja."

Sikuwa na hakika. Nilikuwa na hofu tu, na hofu haijawahi kuwa kipimo. "Nipeni ule wa akiba," nikasema.

Milimita akakikumbatia kisanduku chenye mrija huo. "Ukiufungua huu hatuna mwingine!"

"Na mshipa ukishapasuka, huo mwingine utauingiza wapi?"

Akakiachia. Nikavaa glovu, nikapasua pakiti, nikauchomeka mrija ndani ya ngumi yangu ya kushoto, nikaubana jinsi mshipa unavyobana. Kwanza nikauvuta nikiuzungusha kushoto. Ukatoka kimya. Nikauchomeka tena, nikauvuta nikiuzungusha kulia. Glovu ikachanika kutoka kiganjani mpaka kidole gumba.

Nikaibandika ile glovu kwenye kioo ili daktari aione. "Kushoto," nikasema. "Zungusha kushoto."

Akazungusha kushoto. Sikuweza kuitazama mikono yake, nikatazama namba ya shinikizo la damu. Mia na kumi. Mia na nne. Tisini na saba. Kila iliposhuka nilihisi sakafu inashuka nayo. Tisini na moja. Nilimwomba Mungu, nikamwomba na mjomba msamaha, nikamwahidi kila mmoja mambo ambayo siwezi kuyatimiza. Tisini na moja tena. Tisini na nne. Mia.

Mrija ulikuwa nje. Wakaingiza rangi kuuangalia mshipa, na picha ikaja: mshipa mzima, mwembamba, bila ufa. "Hakuna panapovuja," daktari alisema, kisha kwa mara ya kwanza akageuka kunitazama.

Milimita alikuwa ameketi sakafuni na mwongozo mapajani, kalamu mkononi, hajui afute nini. "Mkono wa kushoto," alisema. "Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa."

Nikaenda kwenye sinki nikavua glovu.

Mchana wakaniruhusu kumwona mjomba. Alikuwa amekatazwa kukunja mguu, amelala kama ubao, lakini midomo imerudi na rangi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekunja vizuri, mwanangu. Sikusikia hata kidogo."

Ningeweza kuacha hapo.

"Sikukunja mimi, mjomba. Niliogopa, nikampa mwenzangu, nikakudanganya. Yeye kakunja kwa kulia, na ilibaki kidogo tu mrija ukupasue."

Akatazama dari. Mashine ililia mlio wake, nikawa nauhesabu, nikihofia kwamba maneno yangu yatamaliza kile ambacho mrija haukukimaliza.

"Na ile mingine?" aliuliza.

"Ile nilikunja mimi. Kwa kushoto."

"Mingapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Hakuna hata mmoja uliochubua?"

"Hata mmoja."

Kisha akautoa mkono chini ya shuka, akaunyoosha kwangu. Nikampa mkono wa kulia, kama alivyonifunza. Akautazama, hakuupokea.

"Nipe huo mwingine," alisema.

Nikampa. Akaupokea.