Anasema Pole Sana

Mkono wa dada mkubwa wa mkalimani ulikuwa juu ya meza, umebaki na vidole viwili, na mkurugenzi aliutazama kama mtu anayetazama doa kwenye kitambaa chake.

Wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro walikaa upande mmoja. Mkurugenzi na wakili wake, wageni wote wawili, upande wa pili. Katikati alikaa mkalimani. Wale wawili hawakujua hata salamu ya wafanyakazi, na wafanyakazi nao Kiingereza kiliwapiga chenga. Kila neno lilipitia kinywani mwake.

Kinywa hicho kilizoea kupaka mafuta. Siku mashine ya kukatia sponji ilipomtafuna dada, mkurugenzi alisimama kando ya kitanda cha hospitali akatupa msemo mmoja wa Kiingereza, maana yake kwamba kazi ndiyo hiyo, asiyeiweza aiache.

"Anasema pole sana," mkalimani alitafsiri.

Dada akashukuru, tena kwa machozi. Shukrani ile ilimkaa mkalimani rohoni kama mwiba, na leo alikuja kulipiza.

"Tunataka visu viwekewe kinga," dada alisema, "na walioumia watibiwe."

Mkalimani akafikisha. Mkurugenzi akamwinamia wakili, akanong'ona huku akicheka: tuwaning'inizie karoti, kama punda asiyeifikia. Siku nyingine mkalimani angejifanya hakusikia.

"Anasema," akapaza sauti, "mpewe ahadi tamu, mzidi kuvuta mzigo, na hiyo ahadi msiione kamwe."

Nyuso zikabadilika. Mkurugenzi hakuhitaji lugha kuzisoma.

"Umewaambia nini?" alifoka kwa Kiingereza. "Hilo halikuwa lao!"

"Anasema hilo halikuwa lenu," mkalimani akawaambia. Alisikia raha, raha mbaya ya kulipa kisasi, wala hakuionea haya.

"Huna kazi! Toka!"

Hilo nalo akalitafsiri neno kwa neno. Kisha akazunguka meza. Dada akajisogeza, wakabanana kwenye kiti kimoja.

Mkurugenzi akamgeukia wakili. Wakili akainua mabega. Basi akawageukia wafanyakazi, akasema. Wakamtazama tu, hawakuelewa neno. Akarudia, polepole safari hii, jasho likimtoka, macho yake kwa mkalimani.

"Anasemaje?" dada aliuliza.

"Anaomba."

"Anaomba nini?"

"Mwache aombe kwanza."