Mstari wa Kijani

Mausi ya shemeji yangu ilikuwa inanata. Niliishika, nikaiachia, nikakitazama kiganja changu. Kazi yangu ni kusimamia chumba cha kufulia mashuka hospitalini. Uchafu wa watu naujua kwa rangi na kwa harufu, na haunitishi, kwa sababu unaingia kwenye mashine na shuka linatoka jeupe. Uchafu wa shemeji haukuwa na safari ya kwenda popote. Makombo ya mkate yamejaa katikati ya herufi za kibodi. Unywele umejisokota kwenye gurudumu la mausi. Na kando ya skrini, kikombe cha chai ya maziwa ya tangu sijui lini, juu kimefunga utando wenye manyoya ya kijivu.

"Karibu, shemeji, jisikie nyumbani," akasema, huku akilamba vidole vilivyotoka kwenye pakiti ya karanga.

Tunamwita Mtaalamu. Ni mume wa mdogo wangu. Mdogo wangu siku hiyo alikuwa kazini. Anamvumiliaje, hilo ni lake na Mungu wake. Mimi nisingekanyaga pale kama si kanda ya video iliyokuwa kwenye mkoba wangu, nimeifunga kwa taulo safi.

Kwenye kanda hiyo yumo mama. Alikuwa mwalimu wa ushonaji, na siku wanafunzi wake walipomaliza mafunzo alikodiwa mtu wa kupiga video. Mama ana mimba ya miezi minane. Mwisho wa hotuba anashika tumbo, anainamisha uso, anamwambia mtoto maneno fulani, na watu wa mbele wanacheka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimesimama nyuma kabisa, sikusikia. Wiki tatu baadaye alijifungua kitinda mimba wetu, na mama hakutoka tena hospitali. Kitinda sasa ana miaka ishirini na sita, na tangu ajue kuongea anauliza swali moja: "Mama aliniambia nini?" Hakuna anayejua. Waliokuwa mbele wanakumbuka kwamba walicheka, basi.

Kanda ilikaa sandukuni mpaka ikaota ukungu. Fundi wa deki za video aliifungua, akaisafisha alivyoweza, akanitolea sharti. "Itapita mara moja tu, dada. Msiijaribujaribu. Iingizeni kwenye kompyuta kwa mkupuo mmoja." Akatuazima na deki. Nilimwahidi Kitinda kwamba Jumapili angemsikia mama.

Mtaalamu alikuwa na programu tatu za kunasa video, na hotuba kwa kila moja. Ya kwanza inachapa jina la programu katikati ya picha.

"Usoni mwa mama yangu?"

"Herufi zenyewe zimefifia, shemeji."

"Toa."

Ya pili alisema ni ya kulipia lakini yeye kaivunja kufuli asilipe. Alipoifungua yakamwagika matangazo ya wanawake wasio na nguo, naye anayafunga moja moja, anacheka kicheko cha mtu aliyefumaniwa. Nikatazama dari. Dari nayo ina utando wa buibui. Ya tatu ilikuwa ya bure kwa halali, haina jina wala uchi, ila mipangilio yake ni mingi. Hapo nikamwondoa kwenye kiti.

"Sogea. Vidole hivyo havigusi kitu cha mama yangu. Wewe sema, mimi nabofya."

Niliifuta mausi kwa leso yangu. Leso ikawa nyeusi.

Alinielekeza kwa upole. Lazima niseme hivyo sasa, ingawa siku ile upole sikuusikia. Ukubwa wa picha tuuache ulivyo, alisema, kwa sababu kanda ya zamani ukiikuza unaukuza na ukungu wake. Ubora tuuweke juu kabisa. Faili likizidi ukubwa tutalipunguza siku nyingine. Kisha tukafika kwenye sauti.

"Chagua mstari wa pili, shemeji. Huo ndio wa waya unaotoka kwenye deki. Wa kwanza ni maikrofoni ya hii kamera hapa juu ya skrini."

"Nimesikia, mimi si kiziwi."

Wakati huohuo mende mdogo akachomoza chini ya kibodi. Niliruka, nikavua ndala, nikampiga. Halafu nikabofya Sawa, nikabofya Sawa tena, ili mradi nitoke humo ndani mapema.

Spika za kompyuta zilikuwa zimekufa, kwa hiyo tungeona picha tu. Sauti, alisema, tutaijua kwa mstari wa kijani pembeni: ukirukaruka, inaingia. Akabonyeza deki. Mama akatokea, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, kwenye gauni la maua alilolishona mwenyewe, tumbo mbele.

"Mstari unaruka?" nikauliza.

Mstari ukaruka.

"Unaruka, shemeji! Si unauona?"

Ukaruka tena, mpaka juu. Nikashusha pumzi.

Kanda ilikuwa ya dakika arobaini, na kwa dakika arobaini mdomo wangu haukupata breki. Nilimsema kwa makombo. Nilimsema kwa soksi moja iliyolala juu ya televisheni. Nilimsema kwa ajili ya mdogo wangu aliyelelewa kwenye nyumba inayong'aa akaja kuolewa jalalani. Yeye anatafuna karanga zake na kuitikia, "Kweli, shemeji." Mama anaongea, mstari wa kijani unacheza vizuri. Karibu na mwisho Mtaalamu akanyoosha mkono kuchukua pakiti, kiwiko chake kikakisukuma kile kikombe hadi puani kwangu, na uvundo wake ukanifikia. Nikakigeukia, skrini nikaiacha.

Nilipomaliza kufoka, watu kwenye picha walikuwa wanapiga makofi. Deki ikakoroma, ikatema kanda. Utepe ulikuwa umekatikakatika, umejaa unga mweupe.

"Usijali, imeshaingia yote," akasema.

Jumapili Kitinda alikuja mchana na spika mpya. Alikuwa amevaa gauni la maua. Mtaalamu alikuwa amefuta meza, hata kikombe hakipo, nami nikaona angalau aibu anayo. Kitinda akaruka utangulizi, akabofya pale mama anapohutubia. Mama akafungua mdomo.

"Soksi hii inafanya nini juu ya televisheni?"

Ilikuwa sauti yangu. Kitinda akacheka, akidhani tunamtania. Mama akawatazama wanafunzi wake kwa upendo, akaendelea: "Na makombo haya unawafugia nani, mende?"

Kitinda akaacha kucheka. Mtaalamu akanyoosha mkono kuzima, Kitinda akaushika mkono huo. "Acha, shemeji." Akaisogeza picha mbele mpaka mwisho. Mama akashika tumbo lake kwa mikono miwili, akainamisha uso, akatabasamu, midomo ikacheza.

"Kitu gani hiki! Kichafu, kinanuka! Si kingetupwa siku ile ile!"

Watu wa mbele wakacheka bila sauti. Halafu ikasikika karanga inatafunwa.

"Kosa langu," Mtaalamu akasema, macho sakafuni. "Nilichagua mstari wa kwanza. Mimi ndiye mjinga."

Alijua, nami nilijua. Mashuka ya kila namna yamepita mikononi mwangu, lakini sijawahi kuona kinyaa kama nilivyojionea mimi mwenyewe dakika ile, nikimwacha mtu yule abebe aibu yangu.

Kitinda alizima sauti, akarudisha nyuma, akatazama tena. Mama akainama, midomo ikacheza. Akarudisha mara ya tatu, uso karibu na kioo, midomo yake mwenyewe ikijaribu kuifuata ya mama. Kisha akaniuliza bila kugeuka.

"Dada, mama alipokuwa ananiambia haya, wewe ulikuwa unatazama nini?"

"Kikombe," nikasema.