Mistari ya Barka Timboni

Eti tikiti! Nimetoka eda juzi, safari yangu ya kwanza tangu nitoke naja hapa timboni Manda, nakuta geti na kijana wa bara, Wanyama, ameshika kitabu cha risiti.

"Mwanangu," nikamwambia, "hili shimo unaloonyesha wageni amelichimba marehemu mume wangu, Barka, kwa tindo, miaka ishirini. Nikulipe nini?"

Akacheka, akafungua. "Pita, mama. Unakwenda kuona ndege wa majini?"

"Ndege nina haja gani nao? Naenda kuona mistari. Kila mkata mawe alikuwa na ukuta wake, na Barka akipata mtoto alichonga mstari. Jaafar, Maram, Sumeiya. Mitatu."

Akanifuata, asije bibi wa watu akateleza.

Lo! Pale tulipokula vumbi pamejaa maji, mayungiyungi yametanda, nyangenyange wamesimama kwenye jiwe nililokuwa nikitua sinia la wali. Nikamkumbuka Barka, vumbi jeupe hadi kwenye kope, akiniita, "Mahfudha, maji!" nami nikijifanya sisikii. Nilimtamani aniite tena.

Na hasira nilikuwa nayo bado. Baada ya Maram tulipata binti, akaishi siku moja. Barka alimzika asubuhi, adhuhuri akarudi timboni. Hakulia, wala hakumtaja tena hadi anakufa. Watu husema moyo wa mtu ni msitu wa giza. Mimi nikamwambia wake ni jiwe. Eda nzima, miezi minne na siku kumi, nimejaribu kumpa radhi, ulimi ukakataa. Nikasema labda huku utakubali.

Maji yalikuwa yameifunika mistari. Nikakunja buibui, Wanyama akanishika mkono, nikaingia hadi magotini na kupapasa ukuta. Wa kwanza, Jaafar. Wa pili, Maram. Wa tatu mfupi, urefu wa kidole tu. Nikadhani ni ufa, lakini kingo zake zilikuwa zimelainishwa, na ulichongwa ndani kuliko yote. Kisha mrefu tena, Sumeiya.

Nikapapasa upya, nikihesabu kwa sauti. Minne.

Nililia, wallahi, nililia mpaka nyangenyange wakaruka. "Barka, mja wa Mungu wee! Adhuhuri ile ulikuja kufanya hivi, nami nikakutukana. Radhi nimekupa. Nipe na wewe."

Wanyama akanivuta taratibu ukingoni. "Pole, mama. Si ulisema mitatu?"

"Nilikosea, mwanangu. Nina watoto wanne."